Safu ya Ushauri: Vidonge vya utamu kwenye chai, korosho kwenye karai, na hofu ya vinasaba

Shikamooni washauri,

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Mtwara Mjini. Nakaanga korosho na kupika kashata, nauza stendi na maofisini. Nyumbani naishi na baba mkwe, ana kisukari, na kliniki walimruhusu atumie vidonge vya utamu kwenye chai badala ya sukari.

Sasa kwenye kundi letu la kina mama imetumwa sauti. Msemaji anasema protini ya chakula ikikutana tumboni na utamu wa kutengenezwa inazaliwa sumu inayokata vinasaba na kuleta saratani. Eti mtu akila samaki au korosho kisha akashushia chai yenye vidonge hivyo, anajipikia saratani mwenyewe. Mzee kaisikia, kavitupa vidonge, karudia sukari vijiko vitatu kila kikombe, na vikombe vyake ni vinne kwa siku. Kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kimefika 13.

La pili, nilijaribu kupika kashata za wenye kisukari kwa unga wa utamu wa pakiti. Nilipouchemsha haukushikana, utamu ukapotea, na korosho zikawa nyeusi haraka kuliko kawaida. Je, ile sauti ni ya kweli? Kashata nizipikeje? Na nikiandika kwenye pakiti "haina sukari, salama kwa wenye kisukari" nitakuwa nimekosea?

Mkaanga korosho, Mtwara

JIBU

Marahaba, dada yetu.

Tuanze na mzee, maana kashata zinaweza kusubiri. Vijiko vitatu vya chai mara vikombe vinne ni takriban gramu 50 za sukari kwa siku, na zote zinaingia kwenye damu ya mtu ambaye mwili wake umeshashindwa kuitawala. Kipimo cha 13 asubuhi kabla ya kula kiko mbali sana na mstari wa 7 ambao madaktari huutumia kutambua kisukari. Macho, figo na mishipa ya miguu huharibiwa na sukari ya namna hiyo, na hilo halina ubishi. Mwambie arudie vidonge vyake leo, au anywe chai ya tangawizi na mdalasini bila utamu wowote kama hofu bado imemshika. Kisha mpelekeni kliniki na daftari la vipimo, waone kama dawa inahitaji kurekebishwa.

Sasa hiyo sauti. Ina chembe ya kemia ya kweli ndani yake, ndiyo maana inatisha, lakini msemaji ameichukua kemia ya karai akaitia tumboni.

Tazama kwanza vidonge vyenyewe. Geuza kopo usome viambato. Ukikuta E951 hiyo ni aspatemu, E954 ni sakarini, E955 ni sukralosi, E960 ni stevia. Aspatemu imeundwa kwa asidi amino mbili, yaani vipande vinavyojenga protini, ambazo mzee anazila kila siku kwenye samaki na kunde, yaani asidi aspatiki na fenilalanini, zikiwa zimeunganishwa na kipande kidogo cha methanoli. Utumbo huzitenganisha zote tatu. Haisubiri kukutana na protini ili iwe kitu kingine, kwa kuwa yenyewe imetokana na vipande vya protini. (Wanaozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria hawaruhusiwi kuitumia kabisa, kwa sababu miili yao haiwezi kuisaga fenilalanini. Huo ni ugonjwa wa nadra, wa kuzaliwa nao, na hauhusiani na kisukari.)

Ile chembe ya kweli iko hapa. Tumbo lina asidi kali, na mate yetu yana nitriti kidogo, aina ya chumvi yenye naitrojeni. Nitriti ikikutana na asidi hugeuka kuwa kitu chenye uwezo wa kujishika kwenye naitrojeni ya asidi amino na ya amini, vitu vya jamii hiyo, na baadhi ya mazao yake huharibu vinasaba. Mwaka 1993 watafiti walichapisha jaribio ambamo aspatemu na vipande vya protini vilichanganywa na nitriti maabara, na mchanganyiko ule ukasababisha mabadiliko ya vinasaba katika bakteria. Lakini waliweka nitriti nyingi kupita kiasi kinachokuwa tumboni kwa kawaida, na vipande vya protini visivyo na uhusiano wowote na vidonge navyo vilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo anayeikimbia aspatemu kwa sababu hiyo itabidi aikimbie na protini ya samaki.

Mambo haya yamewahi kupimwa mpaka kwenye mwili wa mtu. Mwaka 1981 Ohshima na Bartsch, wakifanya kazi Lyon, Ufaransa, walimpa mtu juisi yenye nitrati, ambayo mdomoni hugeuka nitriti, kisha prolini, ambayo ni asidi amino ya kawaida ya chakula, wakapima mkojo wake. Ilionekana kweli kwamba tumbo lilikuwa limeunganisha viwili hivyo. Zao lenyewe, nitrosoprolini, halileti saratani, hutoka tu na mkojo, ndiyo maana lilifaa kwa kipimo. La kutunza hapo ni jambo la pili walilolikuta: alipopewa na vitamini C, muungano ule ulizuiwa. Vitamini C huiwahi nitriti kabla haijafika kwenye amini.

Kama ni muungano huo wa nitriti unaowatia hofu, msivilaumu vidonge, tazameni sufuria ya mboga. Papa na ng'onda wana amini za aina inayoungana na nitriti kwa urahisi kuliko aspatemu. Nyama ya papa ina kitu kiitwacho trimethilamini oksidi, na samaki akikaa na kukauka hicho huvunjika kuwa dimethilamini na wenzake. Dimethilamini ikipata nitriti huzaa nitrosamini inayobandika kaboni kwenye vinasaba na kuviandika vibaya. Soseji nazo huongezwa nitriti kiwandani. Nyama zilizosindikwa namna hiyo ziliwekwa mwaka 2015 kwenye kundi la 1 la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, yaani vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umetosha. Hatusemi muwatupe ng'onda. Waloweke saa moja au mbili, mwage maji yale, wachemshe badala ya kuwaweka juu ya mkaa, na mle pamoja na kitu chenye vitamini C katika mlo uleule. Kuila kesho yake asubuhi hakusaidii. Na hapa watu wa kusini mna bahati: bibo bichi, tunda la mkorosho, lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C kwa kila gramu 100, mara kadhaa ya chungwa. Lakini liliwe bichi. Likianikwa juani au likipikwa sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea, na likigeuzwa uraka, yaani pombe ya mabibo, hilo ni shauri jingine. Mzee mwenye kisukari ale kipande, asinywe glasi ya juisi yake, kwani bibo lina sukari pia.

Kuhusu aspatemu na saratani kwa ujumla, Julai 2023 shirika hilohilo la utafiti wa saratani liliiweka kundi la 2B, maana yake huenda inaleta saratani lakini ushahidi ni finyu. Siku hizohizo kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ya WHO na FAO iliacha kiwango chake palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee akiwa na kilo 60, hiyo ni miligramu 2,400. Pakiti ndogo ya aspatemu ya kutia kwenye kikombe ina takriban miligramu 40, na kidonge kimoja huwa na chini ya hapo. Angelazimika kutumia pakiti 60 kwa siku ili akifikie kiwango. Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee tamu za namna hii kwa ajili ya kupunguza uzito, ila ilisema wazi kwamba ushauri ule hauwahusu wenye kisukari tayari. Sauti za kwenye makundi huwa zinakiacha kipengele hiki.

Sukralosi ina hoja yake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walieleza kwamba kitu kinachobaki humo wakati wa kuitengeneza, sukralosi-6-asetati, kilikata nyuzi za DNA, yaani vinasaba, kwenye seli za maabara. Seli kwenye kisahani si mtu mzima mwenye ini na figo, lakini tungekuwa na uamuzi mikononi mwetu tungechagua vidonge vingine kwa matumizi ya kila siku, madhali vipo na bei inalingana. Na sukralosi isitiwe kwenye karai la moto hata kidogo. Hilo linatupeleka kwako wewe.

Kemia ya kuangaliwa iko kwenye kukaanga. Asidi amino iitwayo asparajini, iliyomo kwenye viazi, nafaka, mihogo na njugu, ikipata glukosi au fruktosi kwenye joto la kuanzia kama nyuzi 120, na mahali pakavu, hutengeneza akrilamidi. Iligundulika kwenye vyakula mwaka 2002 huko Sweden. Ini huigeuza akrilamidi kuwa glisidamidi, na hiyo ndiyo inayojibandika kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za vinasaba. Akrilamidi ipo kundi la 2A tangu mwaka 1994, yaani vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Kwa wanyama wa maabara inaleta uvimbe. Kwa watu, uchunguzi wa mlo haujatoa jibu linalofanana kila mahali. Hatari inapanda na kiasi na miaka, kwa hiyo inayotakiwa kwako ni kuipunguza karaini. Hofu haina kazi hapo.

Uzuri ni kwamba unaiona kwa macho. Rangi ya kahawia na akrilamidi hutoka kwenye mlolongo mmoja wa kemia. Korosho ya rangi ya maziwa mazito iliyoanza kugeuka dhahabu ina kidogo. Ya kahawia ina zaidi. Iliyoungua ni ya kutupa, usiisage kuwa unga wa kuchanganya. Korosho ina asparajini chache kuliko lozi, kwa hiyo ulianza na mali nzuri.

Nunua kipimajoto cha jikoni, ndicho kifaa kimoja kitakachokulipa. Kaanga kwa moto wa nyuzi 140 hadi 150, ukigeuza bila kuacha, kundi dogo dogo ili zisiive upande mmoja. Nusu kilo kwa mara moja inatosha kwa karai la kawaida. Tenga kwanza korosho nzima na vipande, kwa sababu vipande huungua nzima zikiwa bado mbichi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanachanganya madaraja, wanasubiri zile kubwa ziive, na robo ya mzigo inakuwa nyeusi. Epua rangi ikiwa bado haijafika unapotaka, zimwage kwenye sinia pana zipoe, maana mafuta ya ndani huendelea kupika kwa dakika kadhaa. Chumvi ya maji inyunyize kabla ya kukaanga, hiyo haina shida. Asali, sukari na maziwa ya unga usitie kabla. Sehemu kubwa ya asali ni glukosi na fruktosi, yaani unampelekea asparajini alichokuwa anakisubiri.

Sasa unajua kwa nini korosho zako zilikuwa nyeusi. Pakiti za unga wa utamu hazijai utamu wenyewe. Aspatemu ni tamu takriban mara 200 ya sukari, sukralosi mara 600, kwa hiyo kinachojaza pakiti ni dekstrosi au maltodekstrini. Soma nyuma ya pakiti utayaona majina hayo. Dekstrosi ni glukosi kwa jina jingine. Ilizipaka rangi korosho zako upesi, na ungewauzia wenye kisukari wakidhani hawali sukari. Utamu ulipotea kwa sababu aspatemu huvunjika kwenye joto na kugeuka kuwa diketopiperazini, ambayo haina utamu. Haijulikani kukata vinasaba, na ina kiwango chake cha usalama, miligramu 7.5 kwa kilo ya mwili, ila hakuna faida ya kuila. Hali hiyohiyo huipata soda isiyo na sukari ikikaa juani kibandani wiki nzima: inapoteza utamu. Sukralosi ikichemshwa kuanzia nyuzi 120 kwenda juu inaweza kutoa kemikali zenye klorini zinazoweza kudhuru; taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za chakula ilionya juu ya hilo mwaka 2019. Na kushikana hakukutokea kwa sababu kashata inashikwa na wingi wa sukari inayoganda. Nusu kijiko cha unga hakiwezi kufanya kazi ya gramu 400.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba uachane na kashata ya wenye kisukari. Hatuoni njia ya kuipika iwe kashata kweli na ibaki na faida kwao. Wauzie korosho kavu za chumvi kidogo na pilipili, au za tangawizi, kwenye vipakiti vya gramu 30. Kipakiti hicho kina wanga wa takriban gramu 9, na mteja anaweza kuuhesabu kwenye mlo wake.

Kashata za sukari kwa wateja wengine endelea nazo, ila ubadilishe mpangilio. Kaanga korosho peke yake kwanza, gramu 500, uzitoe zikiwa na rangi nyepesi. Sufuria nyingine weka sukari gramu 400 na maji mililita 120, ichemke mpaka nyuzi 115 hadi 118. Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likikusanyika kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza, shira imefika. Epua. Ndipo umimine korosho, ukoroge haraka mpaka shira ianze kuwa na ukungu, uitandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukate ingali vuguvugu. Namna hii korosho na sukari hazikutani kwenye moto uliopita 120. Wanaosubiri shira ifike rangi ya kahawia, yaani 160 na kitu, wakiwa na korosho ndani yake, ndio wanaopika akrilamidi. Kuhusu ndimu ambayo wengi huikamulia shira isigande mapema, punguza iwe matone, au uache kabisa kwa kashata ya aina hii: asidi pamoja na moto huipasua sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi.

Kama unakaanga na mihogo pembeni, kama wengi wa stendi, ichemshe kwanza ikaribie kuiva, mwaga maji, ikauke, ndipo uipitishe kwenye mafuta mpaka iwe ya manjano. Maji yanaondoka na sehemu ya sukari na asparajini, pamoja na ile sumu ya muhogo mchungu ambayo tunajua unaishughulikia tangu shambani. Viazi mviringo vya chipsi vioshwe na kulowekwa dakika 15 hadi 30 baada ya kukatwa, na visiwekwe friji vikiwa vibichi, kwani baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari. Pweza wa kuchoma tumemwacha makusudi. Sumu zinazotokana na asidi amino kwenye nyama ya kuchoma huhitaji kreatini, kitu kilichomo kwenye misuli ya ng'ombe, kuku na samaki, na pweza na ngisi hutunza nguvu ya misuli kwa fosfati ya ajinini badala yake. Moshi wa mafuta yanayodondokea mkaa ndio wa kuepuka kwa pweza na samaki wote, kwa hiyo inua wavu.

Jambo moja la mzee kabla ya lebo. Vidonge vya utamu haviokoi mtu aliyeshukiwa na sukari. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, mpeni sukari ya kweli, vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari haitafanya kitu. Hivyo sukari ibaki nyumbani, ila isikae kwenye meza ya chai.

Lebo: maneno "salama kwa wenye kisukari" usiyaandike. Ni dai la kiafya ambalo hutaweza kulithibitisha, na usajili wa vyakula tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), watakuuliza. "Haina sukari" nayo haifai, kwa sababu korosho yenyewe ina sukari yake ya asili. Andika "Haijaongezwa sukari. Viambato: korosho, chumvi, pilipili. Uzito gramu 30. Wanga takriban gramu 9." Weka tarehe ya kukaangwa, na ya mwisho wa matumizi uipange kwa kufungua pakiti moja kila wiki na kuionja: siku itakayotoa harufu ya mafuta yaliyochacha, rudi nyuma wiki mbili, hapo ndipo pa kuandika.